Kikundi cha mezani, kundi la WhatsApp, mhariri mlezi au chama cha nje: mhariri wa kujitegemea Dodoma aanzie wapi?

Fundi cherehani akikosea kipimo, gauni hurudi. Mhariri akikosea, mara nyingi hakirudi kitu. Ripoti inachapwa, inagawiwa ukumbini, "dhana za kilimo" zinabaki pale zilipotakiwa kuwa "zana za kilimo", na mteja aliyeliona kosa anakaa kimya. Mwaka unaofuata kazi inakwenda kwa mtu mwingine. Ndiyo maana mtu anayehariri peke yake chumbani Nkuhungu au Ilazo anaweza kumaliza miaka mitano akirudia kosa lile lile kila wiki huku akiamini amekomaa. Mganga hajigangi.

Kwa hiyo njia za kujiendeleza zinazolinganishwa hapa zimepimwa kwa swali moja kabla ya mengine yote: nani ataliona kosa lako, na utaambiwa baada ya muda gani? Gharama, vyeti na nafasi za kazi vinakuja baadaye.

| Njia | Anayeona kosa lako | Unaambiwa lini | Inachokula | Inampa zaidi nani |
|---|---|---|---|---|
| Kikundi cha mezani, watu 4 hadi 7 | Wenzako wa kazi | Siku hiyo hiyo | Saa 4 kwa mwezi, nauli, karatasi | Karibu kila mtu |
| Kundi kubwa la WhatsApp | Hakuna, unaulizia neno tu | Dakika chache, au usijibiwe | Bando na utulivu wako | Anayetafuta kazi na fununu |
| Mhariri mlezi wa kulipwa | Mtu aliyekuzidi | Wiki moja hadi mbili | Pesa | Anayetaka kupanda daraja |
| Chama cha kitaaluma cha nje | Mkufunzi wa kozi, ukijiandikisha | Kozi inapofikia hatua hiyo | Ada ya fedha za kigeni, mikutano ya usiku | Anayehariri Kiingereza |
| Taasisi za Kiswahili | Kwa kawaida hakuna | – | Safari, ada ya mafunzo | Anayehitaji kutambulika serikalini |

Jedwali hilo lisikudanganye kwamba njia zote zina uzito sawa. Hazina.

Kikundi cha mezani

Hii ndiyo yenye faida kubwa kwa mtu wa Dodoma, na ndiyo inayoharibika kirahisi kuliko zote.

Idadi nzuri ni watu wanne hadi saba. Mkiwa watatu, akikosekana mmoja kikao kimekufa. Mkizidi saba, muda wa kujadili tofauti hautoshi na wanyamavu wanapata pa kujificha. Kutaneni kila baada ya wiki mbili, kwa muda wa saa mbili, Jumamosi kuanzia saa 4 asubuhi. Mahali pawe mjini kati, kwa sababu wa upande wa Chuo Kikuu cha Dodoma wanatoka Ng'ong'ona na wa wizarani wanatoka njia ya Mtumba, yapata kilomita 17 kutoka mjini. Mkiweka kikao upande mmoja, upande wa pili utaacha kuja kufikia mwezi wa tatu. Mnachohitaji ni meza, mwanga na ukimya: maktaba, chumba kidogo cha kanisa, ofisi ya mwenzenu siku isiyo ya kazi. Nyerere Square ni pazuri kwa maongezi, lakini upepo wa Dodoma na karatasi za prufu, yaani kurasa zinazosomwa mara ya mwisho kabla ya kuchapwa, havijawahi kupatana.

Kazi ya kikao ni moja: wote mnasahihisha ukurasa mmoja, kila mtu peke yake, kisha mnalinganisha. Mwandaaji wa zamu anachukua maandishi ambayo tayari yamechapishwa, maneno 500 hadi 600, na kuyapandikiza makosa 20 anayoyajua yeye tu. Mgawanyo unaofanya kazi vizuri ni huu: tahajia 6, upatanisho wa kisarufi 5, hesabu za jedwali zisizojumlika 3, majina yaliyoandikwa kwa namna mbili tofauti 2, namba za jedwali au kielelezo zisizolingana na zilizotajwa ndani ya matini 2, alama za uandishi 2. Juu ya hayo anaacha mitego mitatu, yaani mambo sahihi yanayofanana na makosa. "Rafiki yangu" ni mtego mzuri, maana wapo watakaokimbilia kuandika "rafiki wangu".

Dakika 40 za kwanza ni kalamu nyekundu na karatasi tu, bila simu wala kamusi. Dakika 20 zinazofuata kamusi inaruhusiwa, ila masahihisho yanaandikwa kwa kalamu ya rangi nyingine ili ijulikane kipi kilitoka kichwani na kipi kilitoka kitabuni. Kisha kila mmoja anataja namba tatu: makosa aliyoyakamata, aliyoyapita, na mambo sahihi aliyoyaharibu. Hiyo namba ya tatu ndiyo inayopaswa kumkosesha mtu usingizi. Aliyekamata 14 bila kuharibu chochote anaweza kukabidhiwa prufu ya mwisho. Aliyekamata 19 na kuharibu manne bado asikabidhiwe, kwa sababu baada ya prufu ya mwisho hakuna mwingine atakayesoma isipokuwa msomaji mwenyewe.

Namba hizo ziandikwe kwenye daftari, pamoja na aina ya kila kosa lililopitwa na mahali lilipokuwa kwenye ukurasa. Baada ya vikao sita kila mtu anaujua ugonjwa wake. Kuna asiyeona namba: huyo dawa yake ni kusoma majedwali peke yake, kabla ya matini, akiwa na kikokotoo mkononi. Kuna ambaye makosa yake yote yako robo ya mwisho ya ukurasa: huyo hana tatizo la lugha, anachoka, na anapaswa kukata kazi katika vipande vya dakika 25. Kuna anayeyapita makosa ya kichwa cha habari. Hili ni la wengi, maana jicho huamini kwamba herufi kubwa haziwezi kukosewa.

Tangu Serikali ianze kuhamia huku kwa kasi mwaka 2016, Dodoma imejaa watu wa kila pembe, na kwa kikundi cha prufu hiyo ni mali. Mtu ambaye sikio lake halitenganishi l na r hawezi kuona kwa urahisi "kura" iliyoandikwa "kula", na kikagua tahajia cha kompyuta hakimsaidii kwa sababu maneno yote mawili yapo. Ni vivyo hivyo kwa "dhana" na "zana", "thamani" na "zamani". Msikusanyike watu wa lugha mama moja mkajisifu kwamba ukurasa umetakata. Changanyeni masikio.

Kitu cha pili ambacho kikundi kinazalisha ni karatasi ya maamuzi, kurasa mbili za A4, si zaidi. Humo mnaandika mliyokubaliana: "kwa hiyo" ni maneno mawili, "n.k." ina nukta mbili, tarehe ni "7 Julai 2025", maelfu yanatengwa kwa mkato, ndani ya sentensi ni "asilimia 30" na ndani ya jedwali ni "30%", jina la taasisi linaandikwa kwa kirefu mara ya kwanza likifuatwa na kifupi chake kwenye mabano. Chagueni kamusi ya kwanza na ya pili. Wengi wana Kamusi Kuu ya Kiswahili ya Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA), iliyotoka 2015, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI), toleo la tatu la 2013. Zipo sehemu zinapotofautiana, na bila kupanga ipi itangulie mtabishana kila Jumamosi kuhusu neno lile lile. Andikeni na tarehe ya uamuzi. Mteja akiwa na mwongozo wake, mwongozo wake ndio unaotawala kazi yake, hata pale unapokukera.

Sasa yanayoharibu.

La kwanza ni siri ya mteja. Ni rahisi mno kuja na rasimu ya ripoti uliyopewa juzi, kwa kuwa ndiyo iliyo mezani kwako. Usije nayo. Rasimu ya wizara ambayo haijatoka haijadiliwi na watu sita kwenye chumba cha kanisa, na tasnifu yenye majina ya waliohojiwa inagusa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Tumieni yaliyokwisha kuchapishwa. Kama ni lazima ulete sentensi yako iliyokushinda, ilete sentensi moja, bila majina, na namba zimebadilishwa.

La pili ni ajenda kuongezeka. Mchango wa chai hauna ubaya, wala wa kumfariji mwenzenu aliyefiwa. Lakini kikao kikishaanza na marejesho ya mikopo, dakika 40 za ukurasa ndizo zitakazokatwa kwanza. Vikoba viwe siku yake.

La tatu ni kazi za pamoja. Mwanakikundi akipata ripoti ya kurasa 200 yenye siku saba, atawaita wenzake, na ndipo urafiki hupimwa. Andikeni ukurasa mmoja kabla ya kuanza: nani anaongea na mteja, nani anasoma mara ya mwisho, kila mtu analipwa kiasi gani na lini, mratibu anachukua asilimia ngapi (10 hadi 15 ni kiwango kisicholeta manung'uniko). Sura zinaweza kugawanywa wakati wa uhariri wa lugha. Usomaji wa prufu usigawanywe. Mtu mmoja asome kitabu chote, la sivyo sura ya 2 itakuwa na "wilaya ya Bahi" na sura ya 5 itakuwa na "Wilaya ya Bahi", na mteja atajua kwamba kazi ilipita mikono mitatu.

Vipi kuhusu usajili? Msikimbilie. Kikundi cha kusahihishana ukurasa hakihitaji cheti wala katiba ya vifungu 40. Usajili una maana mkitaka fedha au zabuni. Kwa afisa maendeleo ya jamii mnaweza kusajili kikundi na kuomba mkopo unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo hugawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi mchanganyiko kisicho upande wowote kati ya hizo kinakaa nje. Sheria ya ununuzi wa umma nayo imetenga asilimia 30 kwa makundi maalumu, na zabuni za Serikali zinapita kwenye mfumo wa mtandaoni wa NeST, hivyo anayetaka kuhariri kwa wizara kwa njia iliyonyooka ajue atahitaji TIN (namba ya mlipakodi), usajili wa biashara na akaunti kwenye mfumo huo. Kikundi kilichokutana miezi kumi na mbili bila kuvunjika kinaweza kuanza kuyafikiria hayo. Cha miezi miwili kitatumia vikao vyote kuchagua mweka hazina.

Angalieni pia msimu. Bunge la bajeti linaanza Aprili na kuishia Juni, na miezi hiyo wanaofanya kazi na ofisi za Serikali hawapatikani. Wanaohariri tasnifu nao hupotea kabla ya mahafali ya mwisho wa mwaka. Badala ya kulazimisha, fanyeni kikao kimoja kifupi kwa mwezi katika msimu huo, ukurasa mmoja, saa moja, basi.

Kundi la WhatsApp

Kundi moja linaweza kubeba hadi watu 1,024, na wingi huo ndio nguvu yake na ndio ugonjwa wake. Nguvu: kazi ya haraka inatangazwa saa 2 usiku na kufikia saa 2 na robo imepata mtu. Pia ndiko utakakosikia kwamba mteja fulani halipi, ingawa habari za namna hiyo ziulizie kwa faragha kabla ya kuziamini.

Kama darasa, halifai. Ukiuliza kama ni "kufikia" au "kufikisha" katika sentensi yako, utapata majibu 30, matatu yana sababu, na lenye kelele zaidi ndilo litakaloonekana limeshinda. Hakuna anayeona ukurasa wako, kwa hiyo hakuna anayeona makosa ambayo hukujua uyaulizie, na hayo ndiyo yanayokufukuzia wateja. Uliza maneno, usitegemee kufundishwa kazi.

Kundi linaboreka likiwa na kanuni tatu tu: anayejibu swali la lugha ataje kamusi na ukurasa; sampuli ya mteja haipandishwi, hata kwa picha; tangazo la kazi liwe na idadi ya maneno, aina ya uhariri, tarehe ya mwisho na malipo. Tangazo lisilo na malipo huzaa watu 50 wanaoandika "nipo" na hakuna anayejua yupo kwa bei gani.

Mhariri mlezi

Wenzako wa mezani wanaona makosa ambayo na wao wanayaweza. Wote mkiwa wa miaka miwili kazini, kuna kiwango cha makosa ambacho hakuna hata mmoja wenu atakayekiona: aya iliyo sahihi kisarufi lakini imekaa mahali pasipo pake, hoja inayosemwa mara mbili kwa maneno tofauti, sauti ya mwandishi iliyofutwa na mhariri mwenye bidii nyingi. Hapo ndipo mtu aliyewazidi analipwa.

Usimlipe kwa mwezi, wala usimlipe akufundishe "uhariri" kwa jumla. Mlipe kwa sampuli. Mpatie kurasa 10 ulizohariri tayari, pamoja na asili yake, kwenye faili la Microsoft Word lililowashwa ufuatiliaji wa mabadiliko. Yeye anapitia uliyoyafanya, anaweka alama pale ulipokosea, pale ulipopita, na pale ulipogusa bila sababu. Unafanya upya. Unarudisha. Raundi tatu za namna hiyo, za maandishi ya aina tatu tofauti, zinatosha kwa nusu mwaka. Kabla ya kumkabidhi pesa mwombe maoni ya ukurasa mmoja, na uangalie kama anaeleza sababu. Anayebadilisha tu na kusema "hivi ndivyo inavyopendeza" anakuuzia ladha yake.

Mahali pa kumpata: waliowahi kuhariri katika nyumba za uchapishaji, ambazo nyingi ziko Dar es Salaam, ingawa Dodoma yenyewe ina Central Tanganyika Press; walimu wa Kiswahili wa vyuo waliowahi kusimamia majarida; wastaafu wa magazeti. Kukutana ana kwa ana kwa raundi ya kwanza kunasaidia sana. Treni ya SGR ilipoanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, nauli ya daraja la kawaida iliwekwa shilingi 31,000, na mtu anaweza kwenda asubuhi, kukaa na mlezi wake kwa muda wa saa tatu, na kulala nyumbani.

Kosa la kawaida hapa ni la mwanafunzi: kuchagua kurasa zake bora. Mpe zile zilizokushinda.

Chama cha nje

Vinavyotajwa zaidi ni vitatu. CIEP (Chartered Institute of Editing and Proofreading) cha Uingereza kilianza 1988 kama umoja wa wahariri na wasomaji prufu wa kujitegemea, na tangu 2020 kina hadhi ya taasisi yenye hati ya kifalme. Kina madaraja manne ya wanachama, na unapanda kwa kuthibitisha mafunzo na uzoefu. EFA (Editorial Freelancers Association) cha Marekani kilianzishwa 1970, na kinajulikana kwa jedwali lake la viwango vya malipo. PEG (Professional Editors' Guild) cha Afrika Kusini kilianzishwa 1993, na kwetu kina faida ndogo isiyosemwa: tofauti ya saa ni moja tu. Mkutano wa saa 12 jioni Johannesburg ni saa 1 usiku Dodoma. Wa saa hiyo hiyo London ni saa 3 usiku kwetu majira ya baridi yao, na saa 2 usiku wanaposogeza saa zao. New York wako nyuma yetu kwa saa 8, au 7, na hapo utahudhuria ukiwa kitandani.

Unapata nini? Utaratibu wa kazi, na kwa hilo wametuzidi mbali. Jinsi ya kuandika makubaliano ya ukurasa mmoja yanayosema ni raundi ngapi za masahihisho. Jinsi ya kumuuliza mwandishi swali bila kumdhalilisha. Jinsi ya kutenganisha uhariri wa maudhui, wa lugha na usomaji wa prufu, na kutoza kila kimoja peke yake. Hayo hayana lugha; yanahamia kwenye Kiswahili bila shida.

Kisichohamia ni lugha yenyewe. Kanuni zao za kistari, za herufi kubwa kwenye vichwa vya habari, za koma, ni za Kiingereza. Hatari inaonekana wazi kwenye ukataji wa maneno mwisho wa mstari. Programu ya kupangia kurasa kama InDesign ikiachwa kwenye mpangilio wa Kiingereza itakata "wan-afunzi", wakati silabi zetu ni wa-na-fu-nzi, na "nz" haitenganishwi. Hakuna kozi ya London itakayokufundisha kuliona hilo, na ni kosa linalojaza vitabu vya Kiswahili. Kwenye prufu, soma ukingo wa kulia peke yake kuanzia juu hadi chini, kama kazi tofauti.

Ada hulipwa kwa paundi, dola au randi, kwa kadi, na benki yako itaongeza makato yake. Swali la kujiuliza kabla ya kulipa ni moja: kati ya wateja wako watano wa mwisho, ni wangapi waliwahi kusikia jina la chama hicho? Kama ni mashirika ya kimataifa yanayotoa ripoti kwa Kiingereza, wapo wanaolijua, na daraja lako kwenye orodha ya wanachama linaweza kukulipa ada yako kwa kazi moja. Kama ni wanafunzi wa uzamili na halmashauri, hakuna.

Taasisi za Kiswahili

BAKITA, iliyoundwa kwa sheria ya 1967, ndiyo yenye mamlaka ya kusanifu istilahi, nawe kama mhariri unapaswa kufuata matoleo yake. Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI) ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyounganisha TUKI na idara ya Kiswahili mwaka 2009, na idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dodoma ziko imara kwenye isimu na fasihi. Shahada za huko zinakujengea sikio na msamiati wa kueleza kosa. Hazikufundishi kumaliza kurasa 80 kufikia Ijumaa. Cheti kinakusaidia pale ofisi inapodai sifa kwa maandishi. Makongamano na shughuli za Siku ya Kiswahili, 7 Julai, zinafaa kwa kujuana na watu, hasa hao walezi waliotajwa juu.

Suala la bei, ambalo kila njia hulijibu tofauti

Vyama vya nje vinatoa viwango vya kuanzia. Ukivigeuza kuwa shilingi utaogopwa na wateja wa hapa. Kundi la WhatsApp litakutajia bei kwa ukurasa, na mara nyingi ni ya mtu aliyekata tamaa. Kikundi cha mezani kinavutiwa kupanga bei moja ya lazima kwa wote, jambo ambalo halifai, maana Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza washindani kukubaliana bei. Kinachofaa ni kufundishana hesabu.

Chukua ripoti ya maneno 24,000. Hariri maneno 1,000 ya katikati, si ya mwanzo, kwa sababu mwanzo waandishi huupamba. Tuseme umetumia dakika 50. Raundi ya kwanza basi ni saa 20. Ongeza theluthi moja kwa kupitia upya, yapata saa 7, na saa 3 za maswali na majibu: jumla saa 30. Ukitaka shilingi 1,200,000 kwa mwezi na una saa 100 za kulipwa, saa yako ni 12,000, na kazi ni shilingi 360,000. Mteja wa ofisi atakata kodi ya zuio ya asilimia 5, yaani 18,000, utapokea 342,000. Dai cheti cha makato hayo, kwa sababu ni kodi uliyokwisha kulipa. Wengi hawakidai, kisha wanalipa mara mbili.

Kwenye kikundi, kila mtu apime dakika zake kwa maneno 1,000 ya maandishi yale yale. Tofauti itakuwa kubwa, na anayejua dakika zake hakubali tena kazi kwa kukisia.

Ukiwa wewe ni…

Mwanafunzi au mhitimu anayeanza na tasnifu na kazi za steshenari za jirani na chuo: kikundi cha mezani, basi. Usilipe ada ya chama chochote mwaka wa kwanza. Nunua kamusi moja halisi badala ya nakala ya fotokopi iliyokosa herufi W. Na kabla ya kugusa tasnifu ya mtu, pata ruhusa ya msimamizi wake kwa maandishi na ukae kwenye lugha tu. Ukishaandika upya hoja, wewe si mhariri tena.

Mwenye miaka mitatu hadi mitano na ripoti za mashirika na wizara: kikundi, pamoja na mlezi raundi tatu kwa mwaka. Hapa ndipo pesa ya mafunzo inazaa zaidi.

Anayehariri Kiingereza kwa wateja wa nje: chama cha nje kwanza, na ukiwa huna uhakika anza na PEG kwa sababu ya saa. Kikundi cha mezani bado kinafaa, ila mkubaliane kikao kimoja kati ya vinne kiwe cha Kiingereza.

Mwalimu mstaafu aliyesahihisha insha miaka 30: njoo kwenye kikundi, na uje na unyenyekevu kidogo, kwa sababu kusahihisha insha ni kuhukumu mwandishi na prufu ni kumlinda. Namba yako ya tatu, ya mambo sahihi uliyoyaharibu, itakuwa kubwa vikao viwili vya kwanza. Kuanzia cha tatu utakuwa mlezi wa wengine, na hapo waambie kuanzia mwanzo kwamba raundi zako zinalipwa.

Anayeishi Kondoa, Mpwapwa au Manyoni na hawezi kuja mjini kila wiki mbili: fanyeni ukurasa ule ule kwa mbali. Mwandaaji anautuma saa 4 kamili ukiwa faili la PDF, kila mtu anauchapa, anasahihisha kwa kalamu dakika 40, anapiga picha na kutuma kwa mwandaaji peke yake, si kwenye kundi, ili asiyeanza asiige. Kisha mnapigiana simu ya pamoja nusu saa. Umeme ukikatika katikati, karatasi na kalamu havijui.